Leseni Moja, Hadidiski Nane

Mtanisamehe mwandiko. Nimefanya kazi ya ufundi kompyuta hapa Sumbawanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo naandika kumbukumbu zangu kwa kalamu, kwenye daftari la mistari, kama mtoto wa darasa la nne. Wajukuu wameshanicheka vya kutosha. Sababu ipo, ila ni ya aibu, kwa hiyo nitaiweka mwisho.

Haya nayaandika kwa ajili yenu vijana mlioko kwenye vibanda vya simu na kompyuta, hasa ninyi wa pale stendi mnaoniamkia "shikamoo fundi" huku mkijua fika kwamba nikipewa simu mpya natafuta miwani kwanza. Sitafuata mpangilio wa miaka. Nikijaribu kuipanga nitaanza kusema uongo, na uongo ndio ulioniletea hadithi hii.

Sikuanza kama fundi. Nilikuwa karani mpiga taipu kwenye ofisi moja ya ushirika, ninaandika barua za kuomba magunia. Soko huria lilipoingia, malori ya wanunuzi binafsi yakawa yanafuata mahindi mpaka uani kwa mkulima, maghala yetu yakabaki na popo, nasi makarani tukaambiwa asanteni. Wenzangu wengi waliingia kwenye mitumba. Mimi nilichukua taipureta moja kuukuu, nikapanga kichumba karibu na soko, nikaandika mlangoni: TUNACHAPA BARUA ZA AINA ZOTE. Kulikuwa na mimi peke yangu, lakini "ninachapa" ilionekana ni ya kimaskini.

Kichumba cha jirani kilikuwa cha Mzee Oresto, fundi redio. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa kompyuta alikuwa haijui. Alinifundisha kupanga vifuniko vya soda mezani kwa mstari, na kila skrubu ninayofungua niiweke kwenye kifuniko chake, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, ili wakati wa kufunga nirudi kinyumenyume. Hata leo sijaona njia bora kuliko hiyo. Mnaomwaga skrubu zote kwenye kisahani kimoja, najua mnavyomaliza: zinabaki mbili, mnamwambia mteja ni za akiba. Nami nimeshasema hivyo, kwa sura kavu kabisa, na mteja akashukuru kwamba nimempunguzia uzito.

"Tekla," Mzee Oresto aliniambia siku hiyo mteja alipoondoka, "mashine haina siri. Mwenye siri ni wewe uliyemficha mtu ulichoharibu."

Nilicheka nikaendelea na kazi.

Kompyuta zilipoanza kufika mjini, zilikuja zimechakaa, mitumba kama suruali zetu. Mimi nilijua kuchapa, kwa hiyo watu waliamua kwamba najua na kutengeneza. Nami sikuwakatalia. Mteja wangu wa kwanza alileta mashine iliyojaa vumbi la Julai, mnalijua lile, upepo wa huku juu uwandani unalipuliza mpaka kwenye sufuria ya ugali. Nikafungua lile sanduku tuliloliita sipiyu, nikainama, nikapuliza kwa mdomo kwa nguvu zangu zote. Vumbi lote lilirudi usoni kwangu. Nilipoinuka, mweupe kama niliyetoka mashine ya kusaga, mteja mwingine akawa amesimama mlangoni. Akanitazama, akatazama nyuma yangu. "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Nikamwambia ametoka kidogo. Jamani, mwanamke kushika bisibisi wakati ule lilikuwa jambo la kuelezwa, na siku ile sikuwa na sura ya kulielezea.

Basi. Nitoke kwenye vumbi niingie kwenye leseni.

Kulikuwa na sista mmoja, Sista Gaudensia, mtu wa uwandani hapahapa, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hukuwahi kuisikia mara mbili, kwa kuwa ukiisikia mara ya kwanza ulitii. Alikuwa anaongoza chuo kidogo cha uhazili cha wasichana. Akapata msaada wa kompyuta nane, zote za aina moja, mapacha, lakini hadidiski zake zilikuwa zimefutwa. Kwa asiyejua, hadidiski ni ile diski ngumu ya ndani, ghala la kila kitu. Ikiwa tupu, kompyuta ni kabati tu. Lazima kwanza uiwekee programu mama inayoiendesha, ninyi mnaita kupiga windo, nasi tuliita hivyohivyo.

Sista alikuwa anataka chuo kisajiliwe. Kikisajiliwa, wasichana wake wanane wangefanya mtihani wa serikali mwezi ule wa Machi na kupata vyeti vya kuombea kazi. Kisiposajiliwa, wangebaki na mikono yenye kasi na karatasi isiyotambuliwa na mtu. Ili kisajiliwe, mkaguzi aje aone, na barua iandikwe kwamba programu zote ni halali. Kwa hiyo Sista akanituma Mbeya nikanunue programu kwa njia halali, dukani, siyo mtaani. Alisisitiza neno hilo, dukani, akiniangalia.

Nikaenda. Muuza duka akaniuliza, "Kompyuta ngapi, mama?"

"Nane."

"Basi unahitaji leseni nane."

Mimi nikamtazama yule kijana kwa huruma. Nilijisemea, huyu kaona sweta langu na kikapu changu akajua mshamba wa Rukwa kaingia. Nikamwambia, "Nipe moja tu, mwanangu. Za kunakili najua mwenyewe." Akasema leseni ni ya kompyuta moja, imeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani. Nikamwambia karatasi nitaisoma nyumbani. Nilimcheka kimoyomoyo kutoka Mbeya mpaka Tunduma, na kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga nililala usingizi wa mtu mwerevu.

Kosa hili, nataka mlielewe, halikutoka hewani. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi. Kwetu mbegu ukishaipata, umeipata. Jirani akikupa kibaba cha ulezi mzuri, unapanda, unachagua, unaweka, mwaka unaofuata unapanda shamba zima na kumgawia shemeji. Hakuna anayekuja kuhesabu umepanda mashimo mangapi. Kwa akili hiyo, niliponunua sidii moja niliona nimenunua mbegu, na hadidiski nane ni matuta tu.

Cha kuchekesha, mwaka uliotangulia nilikuwa nimemcheka kaka yangu Ponsiano. Biashara huria ilikuwa imeleta mbegu za mahindi za dukani, zile chotara. Msimu wa kwanza Ponsiano alivuna mahindi makubwa mpaka akawa anatembea kifua mbele. Akatunza mbegu kwenye yale mahindi, kama baba alivyotufundisha, akapanda tena. Yakatoka mashina marefu yenye vigunzi vya kutia huruma. Mimi, dada mtu niliyekaa mjini, nikamwambia mbele ya wake wote wa ukoo, "Kaka, ile mbegu ina masharti yake. Lazima ununue kila mwaka. Ungesoma mfuko." Kumbukeni maneno hayo: ungesoma mfuko.

Nikarudi, nikaanza kazi, na hapa nataka mjue kwamba kazi yenyewe niliifanya vizuri. Sikupiga windo mara nane. Nilipiga kwenye hadidiski ya kompyuta ya kwanza, nikaweka na programu za kuchapia, kisha nikazileta hadidiski nyingine moja moja, nikaziunganisha ndani ya ile sipiyu ya kwanza kama diski ya pili, nikanakili kila kitu. Nyuma ya hadidiski za zamani kulikuwa na kijipini kidogo cha plastiki, ukikiweka huku diski inakuwa ya kwanza, ukikiweka kule inakuwa ya pili. Ukisahau, diski zote mbili zinadai ukubwa na mashine haiwaki. Vijipini hivyo nilivitunza kwenye kiberiti kitupu. Ninyi hamvihitaji tena, lakini kanuni yake mnaihitaji: kabla ya kuwasha, hakikisha unajua ipi ni ipi, usije ukanakili utupu juu ya kazi ya mtu. Mimi nilifanya hivyo kwa mwalimu mmoja. Bado tukikutana kanisani anakaa benchi jingine.

Baada ya siku mbili kompyuta nane zikawa zinawaka. Sista alikuja akapita katikati yake, mikono nyuma. Ilipowaka ya kwanza kulitokea ujumbe kwamba programu inatakiwa ithibitishwe ndani ya siku thelathini, kwa simu au mtandao. Nikaenda kibanda cha simu, nikaisomea tarakimu ndefu sauti ya mashine iliyokuwa inanijibu kutoka nchi nisiyoijua, watu wa foleni wakidhani nasali. Ikakubali. Ile ya kwanza ikanyamaza.

Zile saba ziliendelea kuuliza kila asubuhi. Nikawafundisha wasichana mahali pa kubonyeza ili ziulize baadaye.

"Tekla," Sista akaniuliza, kalamu mkononi, barua mbele yake, "zote nane zina leseni?"

"Leseni ipo, Sista."

Hebu isomeni tena hiyo sentensi. Sikusema zote. Nilisema ipo. Na nilijua ninavyoisema, kwa kuwa ile karatasi ya ndani nilikuwa nimeshaisoma usiku mmoja kabla, na ilikuwa imeandikwa kitu kilekile alichosema yule kijana wa Mbeya. Sista akaandika kwamba chuo kina kompyuta nane zenye programu halali, akatia sahihi yake ndogo iliyonyooka, akapiga muhuri.

Mkaguzi aliandika kwamba atafika Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo siku thelathini ziliisha. Wasichana waliingia asubuhi, wakawasha, kompyuta moja ikafunguka na saba zikagoma kabisa. Hazikuuliza baadaye tena. Zilionyesha ujumbe mmoja na hapo hupiti.

Mnajua jina la mji wetu maana yake nini, kutupa uchawi. Kabla ya saa nne habari ilikuwa imefika sokoni kwamba kompyuta saba za masista zimefungwa kwa pamoja usiku mmoja, na mama mmoja muuza nyanya akaniambia kwa upole kwamba anamjua mzee wa kuziangalia. Nawaambieni kweli, kwa muda wa kama dakika tano nilitamani iwe uchawi.

Nikafunga chumba cha kompyuta. Nikamwambia Sista nafanya usafi mkubwa kwa ajili ya mgeni. Kisha nikampigia rafiki yangu mmoja, fundi wa Mbeya. Akacheka. "Dada, hilo tu? Nakutumia sidii ya mtaani, imeshavunjwa kufuli. Unapiga windo zote saba, haziulizi kitu mpaka Yesu arudi. Naiweka kwenye basi la kesho." Nikamwambia iweke.

Jumanne nilikaa stendi. Basi halikuja. Jumatano nikakaa tena, sweta limelowa. Ilikuwa masika, barabara ilikuwa bado ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na basi lilikuwa limezama huko Laela tangu jana, abiria wanakula mahindi ya kuchoma ya wanakijiji. Saa nane mchana dereva wa lori aliyetokea huko akaniambia, "Mama, hilo basi kama lina mgonjwa wako, mwombee tu."

Kwa hiyo msinisifu kwa yanayofuata. Mtu akiwaambia Fundi Tekla aliungama kwa sababu ya dhamiri, mwambieni ni tope la Laela. Sidii ingefika, ningepiga windo saba, mkaguzi angepita, nami leo ningekuwa ninawaandikia habari nyingine ya kujisifu.

Nilimkuta Sista kwenye bustani ya kabichi. Nikamweleza yote, nikisimama, huku nimekunja kikapu kifuani. Aling'oa gugu moja, akalitupa. Kisha akauliza, "Padri akibatiza mtoto mmoja, wenzake saba waliokaa benchi wamebatizwa?"

"Hapana, Sista."

"Wewe ni fundi na mimi ni mpanda kabichi, lakini hilo nalijua." Akafuta mikono kwenye aproni. "Kukosa leseni ningevumilia. Lakini umenisainisha uongo, Tekla. Jina langu liko kwenye meza ya watu, linasema uongo, na mimi sikujua."

Nililia pale kwenye kabichi. Hilo silifanyii mzaha. Nilijua kuwa ningekuwa na jibu kwa mtu aliyenitukana, lakini yeye hakunitukana.

"Kesho," akasema, "tutamwonyesha moja."

Tatizo ni kwamba kazi za wasichana, barua zao na majedwali yao ya mwezi mzima, zilikuwa ndani ya zile hadidiski saba. Hapo ndipo ufundi wangu ulipofaa kitu. Mlango kufungwa siyo kwamba vitu vya ndani vimepotea, na hili mlishike: mteja akija analia kwamba windo imegoma, usikimbilie kufuta. Chomoa diski, iunganishe kama ya pili kwenye mashine nzima, kazi zake utazikuta zimekaa zinakungoja.

Alhamisi mkaguzi akafika, bwana mwembamba mwenye koti zito. Mbele yake nikafungua ile sipiyu moja halali na kupanga vifuniko vyangu vya soda. Msichana wa kwanza kazi yake ilikuwa humo humo, akaionyesha. Kisha nikazima, nikachomeka hadidiski ya wa pili, nikaweka kijipini, nikawasha. Msichana akaonyesha kazi yake. Nikazima. Ya tatu. Mpaka saa sita mgongo ulikuwa unanikatika, na mkaguzi alikuwa amevuta kiti, ananitazama mimi badala ya wasichana.

"Mama, mbona usiwashe zile nyingine?"

"Zile nyingine hazina leseni, mzee. Yenye leseni ni hii moja. Hizi diski nazipitisha humu kwa zamu."

"Kwenye barua mmeandika nane."

Sista akanyoosha mkono, akaiomba ile barua. Akakata neno nane kwa mstari mmoja, akaandika juu yake moja, akatia sahihi pembeni, akamrudishia. Mkaguzi aliisoma upya. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wiki ile amepita kwenye vyuo kadhaa na vyote, kwa barua, havina kasoro hata moja. Nikaanza kutabasamu nikidhani tumepona.

Hatukupona. Aliandika kwamba chuo kingojee, kipate leseni ya kila kompyuta, ndipo kirudi kuomba. Wasichana wangekosa mtihani wa Machi na kusubiri awamu nyingine. Saba walilia. Wa nane hakulia, alianza kukunja khanga zake.

Huyo aliitwa Kabula. Alitoka bondeni Mtowisa, familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote. Baba yake alikuwa amekubali kwa shida: asome mpaka Machi, afanye mtihani, basi. Kuna watu walikuwa wameshafika nyumbani kuzungumza habari ya mahari, na mzee aliwaambia wangojee Machi. Sasa Machi ingepita bila mtihani. Jumamosi Kabula akapanda lori, akashuka bondeni.

Nilimaliza wiki mbili nikijiambia hainihusu. Nilinunua leseni saba zilizobaki kwa kuuza taipureta yangu na cherehani, nikaziweka, nikapiga simu saba kibandani, watu wa foleni wakazidi kuamini nimeokoka. Bado aibu haikuniisha. Ponsiano alipokuja mjini nikamweleza, nikitafuta faraja. Akacheka mpaka akakaa chini. "Dada," akasema, "ungesoma mfuko." Nikamwacha acheke, ilikuwa haki yake.

Kisha nikashuka Mtowisa.

Mtu wa uwandani anayeshuka bonde la Rukwa kwa mara ya kwanza hujulikana. Mimi nilikuwa nimevaa masweta mawili. Lori lilipomaliza mteremko nilikuwa nimelowa jasho kama aliyetolewa mtoni, na mtoto mmoja wa pale akaniuliza kama naumwa. Nilimkuta Mzee Shija, baba yake Kabula, karibu na zizi, mtu mrefu mwenye fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, utaanguka." Akaagiza niletewe maziwa. "Wewe ndiye fundi wa zile kompyuta? Nyie Wafipa mmerogana wenyewe kwa wenyewe, halafu mnasingizia karatasi."

Nikamwambia angalau tungekuwa tumerogana ningejua pa kuanzia. Akacheka kidogo. Nikaanza kumweleza habari ya leseni. Nilieleza vibaya, nikazunguka, nikataja hadidiski na vijipini, mpaka mwenyewe nikapotea. Mzee akainua mkono.

"Ngoja. Wewe ulikuwa na kibali cha ng'ombe mmoja, ukapitisha nane kwenye kizuizi."

Nikaweka kikombe chini. "Ndiyo, mzee. Hivyo hivyo."

"Ukawaambia nini wale wa geti? Kwamba hao saba ni wa mama mmoja?"

"Nilisema kibali kipo."

Mzee Shija alicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Alipomaliza akajifuta macho. "Mimi niliwahi kusema hivyohivyo, maneno hayohayo, tulipokuwa tunahama kutoka kwetu. Kibali cha ng'ombe arobaini, nilikuwa na zaidi. Walifunga zizi siku tatu bila maji. Ndama wawili wakafa." Akageukia zizi. "Kibali kipo. Ee. Kilikuwepo kweli."

Kaka yangu alielewa kwa mbegu, Sista kwa ubatizo, na huyu kwa ng'ombe. Aliyekuwa haelewi mkoa mzima alikuwa fundi.

"Mzee, kosa ni langu," nikasema. "Si la chuo wala la Sista, na Kabula hakujua lolote. Kompyuta sasa zote zina leseni. Mtihani upo awamu ijayo. Nimekuja kukuomba arudi."

Alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mbali anajifanya anapepeta mpunga. "Wale watu nimeshawaambia waje wiki ijayo."

"Waambie wangojee tena."

"Ng'ombe hawangojei, mama." Akachora chini kwa fimbo, akafuta. Nadhani alikuwa anawaza wale ndama wawili. "Atarudi. Ila barua ya kuniambia kwamba amefanya mtihani isiandikwe na Sista. Uiandike wewe, uweke jina lako. Mtu aliyepitisha ng'ombe ndiye anayesaini."

Niliiandika ile barua baadaye. Kabula alifanya mtihani, akafaulu, na wale watu wa mahari wakachoka wakaenda kwingine. Alikuja kufanya kazi kwangu. Nilimfundisha vifuniko vya soda, nikamfundisha kijipini, na kila sipiyu tuliyopiga windo tulibandika ndani ya kifuniko karatasi ndogo: leseni ya mashine hii, tarehe, na jina la fundi. Mpaka leo mkifungua kompyuta kuukuu za mji huu mtazikuta, zimepauka, zimeandikwa Tekla, na baadaye Kabula. Nilipostaafu nilimwachia kibanda chote.

Sasa ile sababu ya kuandika kwa kalamu. Miezi miwili iliyopita wanangu walininunulia kompyuta iliyotumika, nzuri, ila hadidiski yake imefutwa. Nami nyumbani nina ile yangu ya zamani iliyoanza kulemaa, haimalizi ukurasa bila kuzima, ila ina leseni yake kamili, nililipia kwa jasho. Nikabeba zote mbili mpaka kwa Kabula. Nikamwambia, "Mwanangu, chomoa hadidiski ya hii ya zamani, inakili kwenye hii mpya, niende nikaandike kumbukumbu zangu. Ile ya zamani nitamwachia mjukuu acheze."

Akafungua ile ya zamani, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani, yenye jina langu. Akaifunga polepole, skrubu ya mwisho kwanza.

"Leseni hii ni ya mashine hii, Mama. Zote mbili zikiwaka, zinakuwa mbili."

"Kabula, leseni ipo."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Yeye hakucheka. Alinisogezea kiti, akanimiminia chai, akaandika jina langu kwenye orodha ya watu wanaongojea leseni kutoka Mbeya, la sita. Akaniuzia daftari.

"Kibali ni cha ng'ombe mmoja, Mama," akasema. "Anza kuandika kwa mkono."